Mbuzi Yenye Mujomba Alichagua

Butembo, tarehe 12 mwezi wa pili 2024

Adèle mudogo yangu,

Ninakusalimia wewe na Timothée bwana yako, na batoto bote, na ile kuku yako yenye inapandaga kwa meza kama mugeni wa heshima. Sisi tuko. Goti ya Falonne muke yangu inamuuma akipanda, inamuuma akishuka, inapona tu kama kuna ngoma mahali. Bei ya viazi ya Lubero imepanda, na wateja bananilaumu kama mi ndiye ninanyeshaga mvua.

Usishangae kuona barua, na kati yetu hakuna hata kilometa makumi sita. Telefone hapana. Maneno ya mahari haisemwi kwa telefone, na réseau inakatikaga pale pale mutu anapoanza kuwa na haki. Na zile message zenu sizifungui. Batu ba leo banaandika herufi kama mayai ya sisimizi.

Sasa nisikilize. Mi ni nani kwa Bénite, mutoto yako? Ni mujomba yake. Siku ya mahari, kwetu, nani anachaguaga mbuzi ya kwanza? Mujomba. Anasimama kwa mulango, ananyoosha fimbo mara moja, na chenye fimbo imeonyesha ni chake, hakuna mutu wa kujibu. Baba yetu alifanya hivyo kwa batoto ba dada zake. Na mi nilifanya hivyo kwako ile Jumamosi ya mwezi wa kwanza, mbele ya bakwe bote benye balitoka Mangina. Nilinyoosha fimbo. Nilichagua ile mweupe, kubwa, yenye ilikuwa imelala karibu ya ukuta, imetulia, tumbo imejaa. Nikasema moyoni: hii iko na mimba, tena ya mapacha.

Juzi moto, pikipiki ya kubeba mizigo, inasimama kwa depot yangu. Dereva, kijana fulani Muyisa, anashusha mufuko ya unga ya muhogo. Anasema: "Papa Éliakim, sehemu ya mujomba hii. Batu ba Mangina banasalimia."

Nikamuuliza mbuzi iko wapi. Akaangalia mufuko, akaniangalia mi, akawasha moto yake, akaenda.

Unga, Adèle! Mi nilianza na chukudu ya kuazima, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma. Nilisukuma viazi ya batu toka Lubero, hakuna mutu alinipa hata kamba ya kufungia. Hesabu hainipite. Chukua mbuzi jike moja, inazaa mbili kwa mwaka, dume na jike, na zile majike nazo zinazaa vilevile. Mwaka ya tano uko na mbuzi makumi sita na tatu, na ile mimba yenye ilikuja nayo sijaihesabu. Bameniiba mbuzi makumi sita na tatu, bakanipa bugali.

Donc sikiliza neno langu. Harusi ni tarehe 20 mwezi wa ine. Mi siendi kubariki mutu mpaka mbuzi yangu mweupe ifike. Na bila kinywa ya mujomba, munajua benyewe, ile haitakuwa harusi, itakuwa chakula tu.

Kaka yako mwenye ameonewa,
Éliakim

*Muramu wifi yangu Adèle, ni mi Falonne, ninaandika hapa chini kadogo-kadogo, herufi ya hivi yeye haioni. Ulikuwa pale, nami nilikuwa pale. Alinyooshea fimbo mufuko ya unga. Nilifikiri anataniana na bakwe. Kumbe ni kweli yake! Tangu Noeli anasalimiaga koti yangu kwa musumari: "Umeamka, Mama?" Mi nikitaja neno macho, anatoka nyumba. Utafute akili, yangu imekwisha.*


Beni, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Yaya Éliakim,

Wasingya, asante kwa barua. Ilichelewa, Lusenge, dereva wa camionnette mwenye kubeba barua, alilala Butembo mpaka barabara ikafunguliwa. Huku tunaamka, tunamshukuru Mungu, jioni tunafunga mulango mapema. Mboga yangu ya lengalenga nyuma ya kanisa imeota sana, hata mama pasta anapitaga pale kila saa akisema amepotea njia. Bénite anakusalimia kwa magoti. Ameshona nguo yako ya harusi, yenye mufuko mbili kwa kifua kama vile unapenda.

Juu ya mbuzi, ninauliza-uliza. Jambo ya bakwe haikimbizwe.

Lakini niko na shida ingine, na wewe ndiye mukubwa wetu. Macho ya Timothée inaanza kumusumbua. Anaona batu kama kwa moshi. Usiseme kwa mutu, yuko na haya. Florentine, infirmière mwenye kutunza bagonjwa kwa centre yetu, alimukalisha chini, akamusemesha saa muzima, nami ninakuandikia yote, kama huko Butembo kuna mutu mwenye kuwa na shida kama yake.

Alisema: Papa, wewe kila siku bugali na maharagi, bugali na maharagi, macho itakula nini? Kula majani: lengalenga, sombe, na usiipike mpaka inageuka nyeusi kama viatu. Kula karoti moja kwa siku, papai yenye imeiva, malenge. Weka mafuta ya mawese kidogo, sababu ile nguvu ya karoti haipite mwilini kama hakuna mafuta ya kuibeba. Yai ukipata. Samaki kadogo na kichwa yake, hapana kuachia paka. Akaendelea: jua ikiwaka, kofia yenye ukingo. Ukipanda moto, miwani, vumbi ya barabara yetu siyo vumbi, ni mchanga. Usikae kwa moshi ya jikoni ukisema unapiga hadithi. Usifute macho na mikono yenye imetoka kushika viazi. Tumbako, acha. Na zile dawa ya matone yenye kuuzwa kwa soko ndani ya kichupa bila jina, usiweke hata moja.

Nilipenda neno yake ya mwisho. Alisema chakula ni mulinzi: inalinda nyumba yenye iko na mulango. Jicho yenye imekwisha kufunikwa, chakula haiwezi kuifunua. Ile ni kwa munganga ya macho, na mapema.

Ninakutumia kapu ya karoti, ya kuonja tu.

Mudogo yako,
Adèle

*Falonne, wewe ndiye utamusomea. Hapa usisome. Timothée anaona mpaka nzi yenye iko kwa jirani. Nilimuomba ruhusa ya kumufanya kipofu kidogo, akakubali.*


Butembo, tarehe 2 mwezi wa ine 2024

Adèle mudogo yangu,

Pasaka ilipita muzuri. Nasikia huko kwenu pia mulikula. Falonne alinisomea barua yako, sababu mikono yangu ilikuwa na udongo. Pole sana juu ya Timothée. Ninashangaa: mutu mwenye mi ninamupita miaka ine, tayari anaona moshi! Nilisemaga zamani kama yule bwana yako hakukomaa vizuri. Umutunze, umushike mukono kwa kuvuka barabara, na usimwachie kazi yenye kuhitaji macho.

Ili kumusaidia, mi mwenyewe nilijaribu ile chakula. Ni ya kujaribu tu. Macho yangu ni ya kijana.

Florentine anasema karoti moja kwa siku. Ni muzuri, mais yule mama hajui biashara. Nilipiga hesabu: kama moja inalinda, kumi inalinda mara kumi. Karoti yenye Timothée atakula mwaka muzima, mi ninamaliza kwa wiki tano na kidogo. Kwa nini mutu angoje mwaka? Basi nikaanza: tatu asubuhi, ine saa sita, tatu jioni, zote na mawese. Kapu yako ilikwisha haraka, nikanunua kwa sac, gunia muzima.

Sasa uone wivu ya shetani. Wiki ya tatu, mikono yangu ikageuka. Ndani ya viganja, rangi ya mawese. Nyayo, rangi ya mawese. Mutu wa kwanza kuona ni mama mwenye kununua viazi: nilimupa chenji, akaiacha kwa meza, akarudi nyuma mpaka nje. Kesho yake batu ba soko bote banasalimia kwa kiwiko, kama ile wakati ya Ebola. Jirani yangu akatoa ndoo yake ya kunawia mikono, yenye alikuwa anawekamo mahindi, akaisimamisha mbele ya mulango WANGU. Jumapili, Pasta akaniita mbele, akaombea ini yangu. Nilimwambia ini yangu iko sawa. Akasema, "Amina," akaongeza sauti.

Sitaacha. Nimebakisha kidogo kumaliza mwaka yangu.

Mambo ya munganga yenye uliweka mwisho ni ya Timothée, ambaye yuko na wakati ya kupoteza. Mi ninangoja mbuzi. Tarehe 20 iko karibu na sijaona hata unyoya. Bénite ashone nguo, mi sitaivaa.

Kaka yako,
Éliakim

*Adèle, ni mi tena. Rangi, tulicheka, nami nilicheka. Leo sichekake. Jana alivuka barabara pale kwa rond-point, barabara zinapokutana, akisema njia iko wazi, na moto ilimuvua shati upande ya kushoto. Kisha akaingia ndani ya mufereji. Batu bakamutoa, akabaambia bamesogeza mufereji. Mwambie. Mi ni muke yake, neno yangu anaiita kelele. Wewe ni damu yake.*


Beni, tarehe 12 mwezi wa ine 2024

Yaya yangu,

Leo sitaanza na lengalenga. Tuko bazima bote, ile inatosha.

Timothée hana shida ya macho. Nilisema uongo, naye alinisaidia. Mutu mwenye anaona kama kwa moshi ni wewe.

Na mbuzi mweupe haikuwepo, Yaya. Kwa ukuta kulikuwa mufuko ya unga, yenye bakwe balileta tupikie bugali ya bageni. Wewe ulinyooshea ile fimbo. Ukasema kwa sauti, bote basikie: "Ile yenye imelala. Musiiamushe."

Unajua kwa nini hakuna mutu alikujibu. Mujomba hajibiwe mbele ya bakwe. Josaphat, musemaji wao, alifungua kinywa, akaniangalia. Mi nikaangalia chini. Timothée akaangalia juu. Josaphat akajikaza, akasema: "Mujomba amechagua, tumetoa kwa moyo." Akaibeba mufuko kwa mabega, pole pole, ili isiamuke. Nasi tukaazima unga kwa majirani bane.

Ile batu hawakukuibia. Balifuata neno yako mpaka mwisho, bakalipia moto ikuletee. Haya iko kwangu, mi mwenye nilinyamaza.

Nilimwambia Bénite tuendelee, baba zake badogo babariki. Akaweka sindano chini. Akasema: "Mi sitaolewa bila Mujomba, na sitaki Mujomba abariki mutu mwingine akifikiri ni bwana yangu." Basi tarehe 20 tumeifuta. Bakwe tumebaambia ni ugonjwa. Banangoja, lakini bakwe hawangojake mpaka mwisho ya dunia.

Kula karoti moja. MOJA. Endelea na lengalenga, inakusaidia mwili. Mais nenda kwa munganga ya macho, iko palepale Butembo kwenu, hata goti ya Falonne inafika.

Mudogo yako mwenye kukuogopa na kukupenda,
Adèle


Butembo, tarehe 19 mwezi wa ine 2024

Adèle,

Salimia batu.

Ilikuwa mbuzi. Mi ninajua mbuzi tangu wewe unanyonya. Mufuko haina sikio. Niliona sikio, tena ilitikisika.

Éliakim

*Muramu, ile sikio ni pembe ya mufuko pale banafungaga na kamba. Kulikuwa upepo. Tangu barua yako hata karoti aliacha. Leo asubuhi nilisikia kitu inaburutwa kwa depot. Nikachungulia. Ametoa ule mufuko, ameuegemeza kwa ukuta, amerudi mpaka kwa mulango, amesimama na fimbo, anaangalia. Akasogea hatua, akaangalia. Akasogea. Alifika mpaka akaishika na mukono. Akakaa juu yake, muda murefu. Kisha akaniita, hakupaza sauti: "Falonne, nitafutie shati ya safi. Na usiniulize tunaenda wapi."*


Beni, tarehe 17 mwezi wa tano 2024

Yaya,

Hatuna habari. Barabara ilifungwa tena, Lusenge amerudi bila barua, na Falonne kwa telefone anasema tu: "Iko sawa, iko sawa," na sauti yenye haiko sawa. Nimesikia kama balikulaza juu ya tension, presha ya damu, kabla ya kukushika jicho. Ni kweli? Mutu ananiambia uko na bandage, mwingine ananiambia ulikimbia.

Hapa ni kimya. Bénite anashona nguo ya batu bengine. Salomon, muchumba wake, alikuja Jumapili mbili, ya tatu hakuonekana. Alituma neno kama ameenda huko kwenu kutafuta mbao za milango anayotengeneza. Sijui ni mbao gani inatafutwa hivi. Ninaogopa bakwe banachoka.

Andika hata mustari moja, Yaya. Hata ya kunigombeza.

Adèle


Butembo, tarehe 14 mwezi wa sita 2024

Adèle mudogo yangu,

Ninakusalimia na Timothée, macho ya tai. Falonne anatembea. Kuku yangu mbili zimekufa. Nilifikiri ni tatu, kumbe moja haikuwa kuku. Ninaandika barua hii mwenyewe na kuisoma mwenyewe, na ninaijaza mpaka ukingo ya karatasi, sababu nimeona vile Falonne anazunguka na kalamu yake ya kidogo. Leo nafasi hakuna.

Balinifanya jicho ya kuume. Hawakunifanya siku ile ya kwanza, sababu tension yangu ilikuwa juu kama bei ya mafuta, basi bakanilaza wiki muzima bainyenyekeze kwanza. Munganga, mama moja mufupi, alinimulika ndani ya jicho, akasema: "Papa, hii ni cataracte, mutoto wa jicho, imekomaa kabisa. Nani alikuongoza mpaka hapa?" Nikasema hesabu. Akaona viganja vyangu, akacheka mpaka akakaa chini. Rangi itaenda yenyewe, nipunguze karoti tu. Nilimuuliza kama kumi kwa siku zingeifungua. Akasema hata shamba muzima. Niendelee kula majani na samaki, nivae kofia, tumbako nisiione tena, ili jicho hii yenye amefungua ibaki wazi. Donc Florentine wako alisema kweli. Umwambie, mais usimwambie mi ndiye nilisema.

Sasa kuna jambo ya pili.

Falonne na goti yake hakuweza kulala pale hospitali. Akaniambia: "Kanisa imetuma kijana wa kukulinda." Muzuri. Kijana akakuja. Mi ninaona kitu kirefu tu, kama muti wa avoka. Asubuhi ananiletea uji, ananishika mukono mpaka choo, anangoja nje, ananirudisha. Hasemake mingi. Nilimuuliza anatoka wapi, akasema: "Upande ya Beni, muzee." Nikaona ni mutu wa kuambiwa siri.

Nilimwambia yote, Adèle. Siku saba. Nilimwambia batu ba Mangina ni batu ba namna gani. Nilimwambia dada yangu anataka kuoza mutoto kwa kijana mwenye kutengeneza milango, mwenye siku ya mahari alikaa nyuma ya baba zake kama mukeka, hata sauti yake sijui. Unajua vile mwoaji hasemake siku ile; mi nilimuhesabia ni ujinga. Nilisema: "Mutu wa milango, akikosana na muke, atatoka kwa yenye iko karibu." Yeye anasema: "Ndiyo, muzee. Ongeza uji?" Nilisema bakwe bale ni bezi. Kisha nikajikumbuka, nikamwambia na ile ya mufuko. Nilikuwa sijaisema kwa mutu. Hakucheka. Alisema, "Muzee, kulikuwa jua kali siku ile."

Nikamuuliza: wewe unajua namna gani kulikuwa jua?

Akasema uji imepoa, anaenda kuipasha.

Siku ile bakanifanya jicho; kesho yake balifungua bandage. Niliona saa kwa ukuta na mushale zake zote tatu. Niliona mikono yangu, nikafahamu Pasta. Falonne alikuwa kwa mulango, na ninakuambia wewe tu, nilikuwa nimesahau kama yuko na alama ndogo juu ya mudomo. Na kando ya kitanda, kijana murefu, masikio makubwa, mikono yote makovu ya randa na msumari, ameshika kikombe.

"Mutoto wa nani wewe?"

Falonne akajibu: "Ni Salomon, muchumba wa Bénite."

Nikamuuliza kijana: "Kati ya zile mbuzi zenyewe, kulikuwa hata moja mweupe?"

"Hapana, muzee. Zote zilikuwa nyeusi."

"Na ulinisikiliza siku saba ukanyamaza?"

"Mujomba hajibiwe," akasema. Kisha, kidogo kidogo: "Mais ile ya milango, muzee, ilikuwa kali."

Tulicheka mpaka mama munganga akatufukuza: jicho haitaki kutikiswa.

Sasa nisikilize. Mbuzi yangu, kama bakwe banataka nichague tena, baiache. Baichinje siku ya harusi, batu bale. Harusi ifanywe Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Nitafika Ijumaa, na nguo ikuwe imepigwa pasi. Munganga anasema jicho ya kushoto tutafanya mwezi wa nane, na ninajua wewe utasema tungoje, ili Mujomba abariki akiona vizuri pande zote mbili.

Hapana mungoje. Huyu kijana, jicho moja inatosha kumuona.

Kaka yako,
Éliakim